Ruto na Raila kwenye mizani moja: uzoefu, maamuzi na mwenendo wa kampeni

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 10, 2027, Jumanne ya pili ya mwezi kama Katiba inavyotaka. Orodha ya wawaniaji bado iko wazi, kwa hiyo anayetaka kujizoeza kupima afadhali aanze na kinyang'anyiro ambacho ushahidi wake umeshatimia: William Ruto dhidi ya marehemu Raila Odinga, Agosti 9, 2022. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 (asilimia 50.49), Raila akapata 6,942,930 (asilimia 48.85). Walipishana kwa kura 233,211. George Wajackoyah na David Mwaure hawakufikisha kura laki moja hata wakijumlishwa, nasi hatutawarudia.

Chukua karatasi moja, igawe safu mbili, kila mgombea na safu yake. Weka mistari minne: uzoefu, maamuzi, mwenendo wa kampeni, na mgombea mwenza. Katika alama 10 tunapendekeza 2 kwa uzoefu, 3 kwa maamuzi, 2 kwa mwenendo na 3 kwa mgombea mwenza. Wengi watashangaa kuona mgombea mwenza akizidi uzoefu. Ndiye aliyesahaulika zaidi mwaka 2022, na kusahaulika kwake kulitugharimu.

Uzoefu: hapa hawakuachana sana

Raila alikuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, Waziri wa Kawi 2001 hadi 2002, Waziri wa Barabara na Ujenzi 2003 hadi 2005, na Waziri Mkuu 2008 hadi 2013. Kabla ya hayo yote aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mara kadhaa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Kuanzia 2018 alikuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika wa miundombinu.

Ruto aliingia bungeni 1997 akiwakilisha Eldoret Kaskazini, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa miezi michache mwaka 2002, Waziri wa Kilimo 2008 hadi 2010, kisha Elimu ya Juu. Oktoba 2010 alisimamishwa uwaziri kwa sababu ya kesi ya ardhi, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia huru. Tangu 2013 hadi siku ya kura alikuwa Naibu Rais.

Ukihesabu miaka tu, utamaliza bila jibu. Kosa la kawaida kwenye mstari huu ni kuandika vyeo na kusahau kuuliza mtu alifanya nini akiwa na cheo hicho, wakati sahihi ilikuwa yake. Kwa bahati, wawili hawa waliwahi kugongana ndani ya serikali moja, na mgongano ule unafundisha kuliko orodha nzima ya vyeo.

Februari 14, 2010, Raila akiwa Waziri Mkuu alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu mawaziri wawili: Ruto wa Kilimo, kwa sababu ya sakata ya mahindi, na Sam Ongeri wa Elimu, kwa sababu ya fedha za elimu ya msingi bila malipo. Siku hiyo hiyo Rais Mwai Kibaki akasema hatua hiyo haina nguvu kwa kuwa hakushauriwa. Ruto akabaki kazini, na miezi miwili baadaye akahamishiwa wizara nyingine.

Weka tukio hili kwenye safu zote mbili. Kwa Raila: alikuwa tayari kumgusa mtu mkubwa wa chama chake mwenyewe, na hilo ni la kusifiwa, lakini alipiga hatua kabla ya kuhakikisha mshirika wake serikalini yuko naye, na agizo likaanguka kabla jua halijazama. Kwa Ruto: mahindi yaliyokusudiwa wenye njaa yaliingiwa na walanguzi chini ya wizara yake, naye hakuona sababu ya kukaa kando uchunguzi ukiendelea. Tulipoisoma hivyo, tulimpa kila mmoja alama 1 kati ya 2. Ukiona mshabiki anampa wake 2 na mwenzake sifuri, jua ameandika alama kabla ya kusoma.

Maamuzi: angalia njia panda

Maamuzi hupimwa pale mtu alipokuwa na njia mbili na zote zina gharama. Wawili hawa walikuwa na njia panda kubwa mbili za kikatiba, na ajabu ni kwamba walibadilishana nafasi.

Ya kwanza ni kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Raila na Kibaki waliongoza kambi ya Ndiyo, yenye rangi ya kijani. Ruto aliongoza La, rangi nyekundu, akipinga zaidi vifungu vya ardhi na uavyaji mimba. Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 67. Katiba ile ndiyo iliyoleta kaunti 47, Mahakama ya Upeo yenye mamlaka ya kufuta uchaguzi wa urais, na sharti la mshindi kupata zaidi ya nusu ya kura pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa hesabu yetu hapa Raila alisimama mahali sahihi, na Ruto akaja kutawala chini ya katiba aliyoipinga.

Ya pili ni mpango wa BBI uliotokana na handisheki ya Machi 9, 2018 kati ya Raila na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wakati huo. Ulitaka kuongeza maeneo bunge 70 na kupanua safu ya viongozi wa juu kwa kurejesha waziri mkuu. Raila aliusukuma kwa nguvu zote. Ruto akaupinga, mwanzoni kwa kusitasita. Mahakama Kuu iliuangusha Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Upeo ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Ngazi tatu za mahakama, na zote zikauzuia. Aliyekuwa mlinzi wa katiba 2010 ndiye aliyekuwa upande wa waliotaka kuirekebisha kwa mlango usiofaa, miezi minne tu kabla ya uchaguzi.

Kuna mambo mengine ya kuandika kwenye mstari huu, kwa ufupi. Kwa Ruto: kesi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilianza Septemba 2013 na kusitishwa Aprili 2016, bila kumtia hatiani na bila kumtangaza hana hatia. Andika hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze, maana kambi zote mbili ziliipotosha. Juni 2013 Mahakama Kuu ilimwamuru arejeshe shamba la ekari 100 Uasin Gishu kwa mkulima aliyefurushwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na amlipe Sh milioni 5. Kwa Raila: Septemba 1, 2017 alishinda kesi ya kufuta uchaguzi wa urais, jambo lililokuwa halijawahi kutokea Afrika, kisha akajiondoa kwenye marudio ya Oktoba, na Januari 30, 2018 akala kiapo cha "rais wa wananchi" kisichokuwa na msingi wa kisheria. Mtu aliyeonyesha imani kwa mahakama Septemba, Januari alikuwa bustanini Uhuru Park na Biblia mkononi.

Ahadi za pesa nazo ni maamuzi, kwa sababu zinaonyesha kama mtu amepiga hesabu. Raila aliahidi Sh6,000 kila mwezi kwa kaya maskini milioni 2. Zidisha mwenyewe: ni Sh bilioni 12 kwa mwezi, Sh bilioni 144 kwa mwaka, wakati bajeti nzima ya 2022/23 ilikuwa kama Sh trilioni 3.3. Haikuwa ndoto tupu, lakini ilihitaji aonyeshe ni fungu gani litakatwa, na hilo halikuelezwa kwa kina kilichotosha. Ruto aliahidi Sh bilioni 50 kwa mwaka za kuwakopesha mahasla, yaani watu wa kipato cha chini wanaojitafutia. Kiasi hicho kilikuwa chepesi kwa bajeti, ila swali ambalo halikuulizwa kwa sauti lilikuwa: kila mtu atapata ngapi, na kwa siku ngapi? Jibu lilikuja Novemba 30, 2022 hazina ilipozinduliwa. Mkopo wa mtu mmoja ulianzia Sh500, ulipwe ndani ya siku 14, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, huku asilimia 5 ikienda kwenye akiba. Aliyekopa Sh500 alipokea Sh475 kwenye simu. Mama mboga anajua Sh475 zinanunua nini Marikiti alfajiri: hazitoshi kujaza hata gunia la sukuma wiki. Jukwaani neno lilikuwa "mtaji".

Kwa hiyo ukisikia ahadi ya mabilioni mwaka 2027, igawanye kwa idadi ya watu kabla ya kupiga makofi, kisha uliza kodi ipi italipia. Ruto aliyeahidi kushusha gharama ya maisha ndiye aliyetia saini Sheria ya Fedha ya 2023 iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mswada wa mwaka uliofuata ukawaleta vijana hadi ndani ya Bunge Juni 25, 2024.

Mwenendo wa kampeni

Anza na mdahalo, kwa sababu ni rahisi kuupima: alikuja au hakuja. Julai 26, 2022, Raila alikataa kusimama na Ruto, kambi yake ikisema hawezi kushiriki jukwaa na mtu asiyejali maadili na kwamba ufisadi haukupewa nafasi ya kutosha kwenye maswali. Ruto akajibu maswali peke yake. Watu wengi wamesahau kwamba miaka mitano nyuma, Julai 24, 2017, Raila ndiye aliyesimama peke yake, Uhuru alipokataa kufika, na wakati ule Ruto alikuwa mgombea mwenza wa Uhuru. Mwaka 2013 wagombea wote wanane walifika. Anayekwepa mdahalo anamnyima mpiga kura saa moja na nusu ya kumwona akibanwa bila karatasi ya hotuba, na kisingizio chake hakipaswi kumpa alama. Mwaka 2022 hiyo ilikuwa hasara ya Raila.

Kisha lugha ya jukwaani. Januari 8, 2022, kwenye mkutano wa Ruto mjini Eldoret, seneta Mithika Linturi alitumia neno "madoadoa", la kuwaita watu wa makabila mengine madoa ya kuondolewa. Anayeijua Bonde la Ufa anaelewa uzito wake: ni neno lililotangulia mioto ya miaka ya 1990 na ya 2007. Linturi alikamatwa, na miezi michache baadaye neno hilo likawemo kwenye orodha ya maneno ya chuki ya Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kipimo hapa ni kimoja: mgombea alichukua maikrofoni papo hapo akakanusha? Taarifa ya kesho yake haina uzito ule ule, kwa sababu umati umeshaondoka na neno. Na fuatilia mtu huyo alipoishia. Mwaka huo huo Linturi aliteuliwa Waziri wa Kilimo.

Mawe yalirushwa pande zote. Msafara wa Ruto ulishambuliwa Kondele, Kisumu, Novemba 2021, na helikopta ya Raila ikapigwa mawe Kabenes, Uasin Gishu, Aprili 1, 2022, alipokuwa amekwenda mazishini. Matukio haya yanafanana kiasi kwamba hayafai kumtenganisha mmoja na mwenzake, ijapokuwa kila kambi ilipenda kukumbuka lile la wenzao.

Upande wa Azimio, muungano wa Raila, kulikuwa na tatizo lisilopigiwa kelele za kutosha: mawaziri waliokuwa bado ofisini, wakilipwa na umma, walipanda majukwaa ya Raila hadharani, na rais mwenyewe akamfanyia kampeni. Afisa wa serikali anayeteuliwa hapaswi kuwa wakala wa chama. Mgombea aliyepigania mageuzi maisha yake yote alipaswa kuwaambia washuke.

Baada ya matokeo, makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi, IEBC, walijitenga na tangazo la mwenyekiti wao Wafula Chebukati katika ukumbi wa Bomas, na hali ikawa ya kutisha kwa siku kadhaa. Raila alikwenda Mahakama ya Upeo Agosti 22. Septemba 5 majaji walikataa kesi kwa kauli moja, naye akasema anaheshimu mahakama ingawa hakubaliani nayo. Fomu za 34A, zenye matokeo ya kila kituo, zilikuwa mtandaoni, kila mtu aweza kujumlisha. Ukilinganisha na Januari 2018, hapo alipanda daraja, na haki ni kumwandikia alama hiyo, hata kama maandamano yalirudi Machi 2023.

Mgombea mwenza: uamuzi wa kwanza wa urais

Kumteua mgombea mwenza ndio uamuzi pekee wa kiwango cha urais ambao mgombea anaufanya mbele yako kabla hujapiga kura. Katiba, kifungu cha 148, inamfanya ashinde kwa kura ile ile ya mgombea urais, na kifungu cha 146 kinampa kiti chote kilichobaki rais akifariki au kuondoka. Uchaguzi mwingine wa urais hufanyika tu iwapo naibu naye hayupo au hawezi kushika kiti.

Mei 15, 2022, baada ya mashauriano marefu Karen, Ruto alimteua Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira wa muhula mmoja aliyewahi kuwa afisa wa tarafa na msaidizi wa Uhuru. Iliripotiwa wakati ule kwamba wabunge wengi waliokuwa kikaoni walimtaka Kithure Kindiki. Gachagua alileta pesa, mitandao ya mashinani na kelele za Mlima Kenya. Wakati huo alikuwa na kesi mbili nzito: ya jinai ya zaidi ya Sh bilioni 7 ambayo baadaye iliondolewa, na ya kutwaliwa mali. Hii ya pili iliamuliwa Julai 28, siku 9 baada ya mdahalo wa wagombea wenza na siku 12 kabla ya kura: Mahakama Kuu iliamuru takriban Sh milioni 200 ziende kwa serikali. Yeye aliupinga uamuzi huo na kusisitiza pesa zilikuwa za biashara halali. Hata hivyo ushahidi ulikuwa mezani, umechapishwa, bure.

Mei 16 Raila akamteua Martha Karua: mbunge wa Gichugu kuanzia 1992 hadi 2013, waziri wa maji kisha wa sheria, aliyejiuzulu uwaziri mwaka 2009 kwa hiari yake, jambo adimu Kenya. Azimio waliunda jopo la kuwahoji walioomba nafasi. Kasoro yake ilikuwa ya kisiasa: Kalonzo Musyoka, mshirika wa Azimio aliyeitaka nafasi hiyo, aliona amedhalilishwa, akatangaza kuwania peke yake siku ile ile, na akarudi Juni. Pia Karua hakuleta kura nyingi za Mlima. Wachambuzi wengi walimpima kwa hizo kura tu.

Oktoba 8, 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura 281 kumwondoa Gachagua. Oktoba 17 Seneti ikathibitisha mashtaka 5 kati ya 11, na amekuwa akipinga mahakamani. Aliyeapishwa Novemba 1 ni Kindiki, yule yule aliyeripotiwa kupendwa na wengi kule Karen. Karibu miezi 26 tangu Gachagua aapishwe, nchi ikarudi kwenye jina lililokuwepo.

Upande wa pili una uzito wa aina nyingine. Raila alikuwa na miaka 77 siku ya kura, Ruto 55. Raila alifariki Oktoba 15, 2025 akiwa India, karibu miaka miwili kabla ya muhula ule kuisha. Kama angekuwa Ikulu, Karua ndiye angeapishwa. Kwa hiyo aliyepiga kura bila kuwatazama wagombea wenza alikuwa, upande wowote, anaacha nusu ya uamuzi kwa wengine. Kwenye mstari huu tungempa Raila 3 na Ruto 1.

Usipime kwa chuki ya kambi. Wawili hawa walikuwa chama kimoja 2007, wakawa mahasimu, na Machi 7, 2025 wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja.

Mwaka 2022 IEBC ilifunga uwasilishaji wa majina ya wagombea wenza Mei 16, siku 85 kabla ya kura. Mwaka 2027, tarehe hiyo ikipita, fanya mambo matatu kwa kila jina la pili. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu zinasomwa bure, na usome aya za mwisho za amri kabla ya habari za magazeti kuihusu. Kama aliwahi kuwa gavana au waziri, fungua ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za miaka aliyosimamia, na utazame maoni ya mkaguzi kabla ya vichwa vya habari. Kama alikuwa mbunge, ingia kwenye Hansard uone alizungumza nini na alipiga kura upande gani siku ya mswada uliokuumiza. Jioni mbili zinatosha kwa majina mawili. Kisha rudi kwenye safu yako, na ujaze mstari wa nne kabla ya ile mingine.